Mcheza Kwao Hutunzwa, na Aliyemfundisha Je?

Katika miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, ilikuwa na wavulana wengi na mipira michache mno. Lopez Lomong alikuwa mmoja wa wavulana hao. Alikuwa na umri wa miaka sita alipotekwa na waasi kanisani kusini mwa Sudan, akatoroka pamoja na wavulana watatu waliomzidi umri, wakaenda mbio usiku na mchana hadi wakajikuta upande wa Kenya. Aliishi Kakuma miaka kumi. Anasimulia kwamba kila mtoto kambini alitaka kusakata kabumbu na uwanja haukuwatosha. Wavulana wakubwa wakaweka sharti: anayetaka kucheza, kwanza aizunguke kambi nzima mbio, mwendo wa kilomita 30 hivi, ndipo aguse mpira. Wengi walikata tamaa. Lomong alikimbia, akarudi, akaingia uwanjani. Kesho yake akakimbia tena.

Mwaka 2001 alipelekwa Marekani. Mwaka 2007 akawa bingwa wa vyuo vya huko katika mbio za mita 1,500 akivalia jezi ya Northern Arizona, na Agosti 2008 akabeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Dunia ilimjua. Wavulana wale wakubwa waliotunga sharti la kuzunguka kambi hawakutajwa majina, na sidhani walijua kwamba walichokuwa wakifanya ni kazi ya kocha: kupanga nani aingie, lini aingie na kwa gharama gani. Sharti lao lilikuwa kali kwa mtoto asiyeshiba, lakini lilimpa Lomong mapafu ambayo hakuna chuo kingempa.

Makala haya ni ya watu wa namna hiyo. Turkana imetoa wachezaji na wanariadha ambao magazeti yamewaandika kwa herufi kubwa. Waliowafundisha hatuwajui. Nataka tuanze kuwajua, na nataka tuwaheshimu wangali hai na filimbi ingali shingoni.

Tazama habari ya Rose Nathike Lokonyen. Alifika Kakuma akiwa mtoto, familia yake ikikimbia vita vya kusini mwa Sudan. Akiwa mwanafunzi kambini, mwalimu wake alimshauri ajaribu mbio za kilomita 10 katika mashindano ya shule. Hakuwa amefanya mazoezi. Alikimbia bila viatu akamaliza wa pili. Agosti 2016, huko Rio de Janeiro, msichana huyo ndiye aliyetangulia na bendera ya Olimpiki mbele ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo. Timu ilikuwa na wanamichezo kumi, watano kati yao wakiwa wakimbiaji waliotoka Kakuma: Rose mwenyewe, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Paulo Amotun Lokoro na Yiech Pur Biel. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1994, ndiye aliyekwenda kambini kuwachuja na kuwapeleka Ngong kufanya mazoezi. Loroupe tunamjua na anastahili kila sifa. Lakini kabla yake kulikuwa na mwalimu mmoja shuleni aliyemtazama msichana akasema, wewe jaribu. Katika masimulizi yote yanayorudiwa kuhusu Rose, mwalimu huyo anaitwa mwalimu tu.

Mwingine ni Awer Mabil. Alizaliwa Kakuma Septemba 1995, akajifunza soka kwa mpira wa vitambaa na mifuko iliyofungwa kamba, akaondoka na familia yake kwenda Adelaide, Australia, mwaka 2006. Oktoba 2018 aliichezea Australia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, akafunga bao siku hiyo hiyo. Tarehe 13 Juni 2022, huko Qatar, Australia na Peru zilitoka sare tasa katika mechi ya kuamua nani aende Kombe la Dunia. Ikaja mikwaju ya penalti. Mabil alipiga mkwaju wa sita, akafunga, kipa wa Australia akapangua uliofuata, na kijana wa Kakuma akawa amelipeleka taifa jingine Kombe la Dunia. Baadaye alisema mkwaju ule ulikuwa njia yake ya kuishukuru nchi iliyoipokea familia yake. Mwaka 2023 Australia ikamtunuku kama kijana wake bora wa mwaka.

Nampenda Mabil zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 2014, hata kabla hajavuma, yeye na kaka yake walianza kupeleka njumu Kakuma, na kutokana na njumu hizo likazaliwa shirika la Barefoot to Boots, ambalo baadaye lilijishughulisha pia na elimu, afya na usawa wa wasichana kambini. Alijua mtoto wa Kakuma anakosa nini. Njumu zikifika, hata hivyo, lazima awepo mtu wa kuzigawa bila ugomvi, wa kuzitunza zisiuzwe sokoni, na wa kusimama uwanjani saa kumi na moja jioni kila siku baada ya wageni kupanda ndege kurudi kwao.

Kocha wa nyumbani

Mtu huyo ninayemsema ni kijana aliyecheza soka chuoni. Alikuwa kiungo au beki wa timu ya chuo cha ualimu, chuo cha ufundi au chuo kikuu, akazunguka na wenzake katika mashindano ya vyuo, akashangiliwa na madarasa mawili matatu. Masomo yakaisha. Klabu za ligi kuu hazikumwita, kwa sababu klabu hizo ziko mamia ya kilomita kutoka alikozaliwa, na mchezaji anayetoka Lodwar, mji mkuu wa Turkana, hana binamu katika ofisi ya klabu yoyote. Akarudi nyumbani na cheti mkononi. Leo Lodwar ina chuo chake pia, Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kwa hiyo kijana wa aina hii hahitaji tena kwenda mbali ili kuvaa jezi ya chuo. Anachohitaji ni sababu ya kubaki.

Wakenya wa umri wangu walifundishwa kuijua Lodwar kama mahali pa kufungia watu. Mzee Jomo Kenyatta aliletwa hapa mwaka 1959 baada ya kutoka gereza la Lokitaung. Fikra hiyo ya Lodwar kama mwisho wa dunia bado imo vichwani mwa wengi wanaopanga ratiba za mashindano. Kaunti hii ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976. Hata hivyo timu ya shule ya Lodwar inayofuzu kwenda ngazi ya ukanda wa Bonde la Ufa hulazimika kusafiri hadi Kitale, Eldoret au mbali zaidi, ikalala njiani, ikaingia uwanjani na miguu iliyovimba kwa kukaa ndani ya basi. Watazamaji huona timu iliyochoka wakasema Waturkana hawajui mpira.

Mazoezi ya Lodwar yana sheria zake. Jua la mchana halichezewi, kwa hiyo ni alfajiri au jioni. Uwanja ni mchanga na kokoto, na upepo ukivuma pasi ndefu inarudi kwa aliyeipiga. Miiba ndiyo adui mkubwa wa mpira: migunga ya asili ina miiba mirefu, na mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero, umeenea kandokando ya mto Turkwel na kwenye malaga, yaani mito ya msimu. Mpira ukitoka nje ya mstari ukaangukia mathenge, mazoezi yamekwisha. Kocha wa hapa hujifunza kuziba mpira kabla hajajifunza mfumo wa 4-3-3. Hujifunza pia kuwafundisha watoto kucheza chini, pasi fupi fupi, mguu kwa mguu. Mtu wa Nairobi anaweza kudhani ni falsafa ya Barcelona, kumbe ni miiba na upepo.

Halafu kuna kazi ambayo haionekani uwanjani. Mashindano ya vijana yanadai uthibitisho wa umri. Mtoto aliyezaliwa katika manyatta ya wafugaji, mbali na zahanati, mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Kocha ndiye anayefuatilia: amtafute mama, amtafute chifu, apeleke fomu, asubiri. Mchezaji asipopata cheti, kipaji chake hakina maana mbele ya meza ya usajili. Nimesikia makocha wakilaumiwa kwa kuchezesha vijeba, na wapo wanaofanya hivyo, siwatetei. Lakini ni haki kusema pia kwamba wapo wengi ambao wameacha nyumbani mshambuliaji wao bora kwa sababu ya karatasi moja.

Ukame nao una ratiba yake. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo ikafa, familia zikahama kufuata malisho, na wavulana wenye nguvu wakaenda na mbuzi na ngamia. Kocha aliyekuwa na wachezaji ishirini akabaki na tisa. Hakuna anayeweza kumwambia mzee wa boma kwamba mwanawe ana mechi Jumamosi wakati mifugo inakufa kwa kiu. Kocha mwenye busara haendi kubishana. Anakwenda kusalimia, Ejoka, anakaa chini, anauliza habari za mifugo, na anamwachia kijana nafasi yake kwenye timu hadi atakaporudi. Miezi inaweza kupita. Wale tisa waliobaki lazima waendelee kufanya mazoezi, maana nao wakitawanyika, atakayerudi hatakuta timu.

Kwa wasichana mlima ni mrefu zaidi. Mahari ya Waturkana ni mifugo, na msichana anayekaribia kuolewa ni tumaini la familia nzima wakati wa dhiki. Kumvalisha kaptura akimbie mbele ya watu ni jambo ambalo baba wengi hawalipendi. Nyumbani anasubiriwa achote maji, apike, alee wadogo zake. Makocha waliofaulu kuwa na timu za wasichana hawakufaulu kwa hotuba kuhusu haki. Wamekwenda kwa wazazi mmoja mmoja, wamepanga mazoezi baada ya saa ya kuchota maji, na wamewatafuta akina mama wakubwa wa mtaa wakae kando ya uwanja ili kila mtu aone kwamba binti yuko mikononi salama. Kazi hiyo ni ya ulezi kuliko ya soka, na inastahili kuheshimiwa kama ulezi.

Kakuma, kilomita 120 kaskazini magharibi

Ukitoka Lodwar kuelekea Lokichogio unafika Kakuma baada ya kilomita zipatazo 120. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka kwao hadi Ethiopia, kisha kutoka Ethiopia hadi Kenya. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa miaka kumi hivi iliyopita, ina watu wapatao laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia, Waganda na wengine. Laga la Tarach linaikata katikati, na mvua ikinyesha milimani laga hilo hubeba nyumba.

Soka ndiyo lugha ya kwanza ya vijana wa Kakuma, kwa sababu mtoto aliyefika jana kutoka Goma na mwenzake aliyezaliwa hapa kwa wazazi wa Kisomali hawana haja ya mkalimani wakipewa mpira. Wakaazi wa hapa wanajua pia kwamba mpira unaweza kuwasha moto. Timu zikijipanga kwa mataifa, mechi ya Jumapili inabeba vita vya nyumbani. Ndiyo maana makocha wengi wenye akili huchanganya. Wanachukua watoto wa mitaa tofauti ya kambi, wanawapa jezi moja, na wanaalika timu za Waturkana wa mji wa Kakuma kuja kucheza nao. Kuna uhasama wa muda mrefu kati ya wenyeji na wakimbizi kuhusu kuni, maji na mifugo. Hakuna mechi itakayoumaliza. Ila kijana aliyemkaba mwenzake kwa dakika tisini, wakapeana mkono, atasita kidogo siku fujo zitakapotokea, na kule Kakuma kusita kidogo kumewahi kuwa na thamani ya uhai.

Kocha mkimbizi ana pingu ambazo mwenzake wa Lodwar hana. Ya kwanza ni malipo. Mkimbizi anayefanya kazi na mashirika kambini, awe mwalimu, mkalimani au kocha, kwa kawaida halipwi mshahara. Hupewa posho inayoitwa insentivu, ambayo ni sehemu ndogo ya anacholipwa Mkenya anayefanya kazi kama hiyo, kwa maelezo kwamba hana kibali cha kazi. Shirika la Lutheran World Federation limesimamia michezo na shughuli za vijana kambini kwa miaka mingi, na bila mpango huo viwanja vingi vingekuwa vumbi tupu. Sina ugomvi na wanaotoa walicho nacho. Ugomvi wangu ni na utaratibu unaomwambia mtu mwenye diploma na miaka kumi ya kazi kwamba jasho lake lina bei nyingine kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

Pingu ya pili ni safari. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini apendavyo. Anahitaji kibali cha kusafiri. Timu ikialikwa Lodwar, kocha lazima aombe vibali vya wachezaji wote na kuvisubiri. Kibali cha kipa kikikosa, beki anaingia langoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliahidi kuwaunganisha zaidi wakimbizi na wenyeji, na serikali imezindua Mpango wa Shirika kwa lengo hilo. Ningependa kuona ahadi hiyo ikianzia mahali rahisi: timu ya watoto wa miaka 15 ipande basi, icheze, irudi, bila kocha wake kukaa foleni wiki mbili.

Ya tatu ni njaa, na hapa ndipo napoteza utulivu. Mwaka 2025, fedha za misaada zilipokatwa, mgao wa chakula Kakuma ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kile ambacho mtu anatakiwa kula. Watu waliandamana. Kocha aliyekuwa na watoto thelathini jioni alijua kwamba baadhi yao hawakuwa wamekula tangu jana yake. Afanye nini? Akiwafukuza nyumbani, wanakwenda kukaa na njaa bila kitu cha kuwasahaulisha. Akiwakimbiza, wanaanguka. Mwalimu wa michezo katika hali hiyo hupunguza mbio, huongeza mazoezi ya pasi wakiwa wamesimama, huwaketisha chini kueleza mbinu, na humaliza mapema. Hakuna kitabu cha ukocha kinachofundisha hilo. Anayelijua amelijua kwa kuwapenda watoto.

Na kuna kuondoka. Kila kocha wa Kakuma amewahi kuamka akaambiwa kwamba nambari tisa wake amepata safari ya Kanada, Australia au Marekani. Anafurahi kwa ajili ya mtoto, kisha anaanza upya. Mabil mwenyewe ni mmoja wa walioondoka hivyo. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, tatizo limegeuka: wapo vijana waliokuwa wamejiandaa kusafiri na safari ikafutwa. Anayewapokea uwanjani jioni hiyo ni kocha yule yule.

Yapo mambo yaliyoboreka, nisije nikaeleza kilio peke yake. Mwaka 2019 pale Kalobeyei lilifunguliwa jumba la michezo la shirika linaloitwa Klabu, ambako vijana huazima mipira, viatu na jezi kisha huvirudisha, kama maktaba inavyoazimisha vitabu. Jambo hilo dogo limemwondolea kocha mzigo mkubwa wa kutafuta vifaa. Naye Yiech Pur Biel, yule wa timu ya Rio, amekuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 2022. Pur Biel alianza na soka hapa hapa kambini. Aliiacha kwa sababu alichoka kutegemea wenzake ili ashinde, akahamia mbio ambako matokeo yalikuwa mikononi mwake. Leo sauti yake inasikika kwenye meza ambazo hakuna kocha wa Kakuma aliyewahi kuketi.

Mturkana wa El Paso

Kuna kocha mmoja wa damu ya Kiturkana ambaye jina lake linajulikana, na nitakaa naye kidogo, ingawa mchezo wake ni riadha. Katika shule zetu mwalimu wa michezo huwa ni mmoja kwa soka, voliboli na mbio, na wanafunzi wake huhama kutoka mchezo mmoja hadi mwingine kama Lomong na Pur Biel walivyohama. Habari ya Paul Ereng inawahusu wote.

Ereng alizaliwa mwaka 1967 katika familia ya Waturkana wa Trans Nzoia. Alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na huko akahamishiwa mita 800. Mwaka 1988 akawa bingwa wa vyuo, na Septemba mwaka huo huo, akiwa hajamaliza hata mwaka mzima wa kukimbia mbio hizo kwa dhati, akasimama kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul. Kando yake walikuwa Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa mtetezi, na Said Aouita wa Morocco. Nixon Kiprotich wa Kenya na José Luiz Barbosa wa Brazil waliongoza kwa kasi ya kuua, mzunguko wa kwanza ukakatika chini ya sekunde 50. Ereng alikaa nyuma, akisubiri. Mita mia za mwisho akapita ndani, mtu baada ya mtu, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Alikuwa na miaka 21. Machi 1989 huko Budapest alivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo za ukumbini.

Wakenya wanaokumbuka habari hizo huishia hapo, na hapo ndipo wanapomkosea. Ereng aligeuka kocha. Alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, chuo ambacho Suleiman Nyambui wa Tanzania, mshindi wa nishani ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa amekwisha kukipatia sifa. El Paso ni mji wa jangwani, mpakani na Mexico. Mwishoni mwa 2016 Ereng alimpokea kijana wa Kikenya aliyeitwa Emmanuel Korir, mkimbiaji wa mita 400. Ereng alimfanyia alichofanyiwa yeye mwenyewe: akampandisha hadi mita 800. Mwaka 2017 Korir akatwaa ubingwa wa vyuo. Michael Saruni, kijana mwingine wa Ereng, naye akatamba mwaka uliofuata. Tarehe 4 Agosti 2021 mjini Tokyo, Korir akawa bingwa wa Olimpiki wa mita 800, miaka 33 baada ya mwalimu wake. Mwaka 2022 akaongeza ubingwa wa dunia.

Kwangu mimi dhahabu ya Tokyo inamheshimisha Ereng kuliko ile ya Seoul. Ya Seoul aliipata kwa miguu yake na kipaji alichojaliwa. Ya Tokyo ilihitaji amtazame kijana mwingine, aone kilichofichika ndani yake, amshawishi aache alichokizoea, halafu asimame kando wakati kamera zikimfuata mwingine. Wanaofanya hivyo bila kuonea wivu ni wachache mno.

Swali linaloniuma ni kwa nini elimu hiyo iko kwenye jangwa la Texas na haipo kwenye jangwa la Lodwar. Simlaumu Ereng, mtu hukaa pale anapoheshimiwa kwa kazi na malipo. Iten ilipata bahati ya Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland aliyekuja mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, hakuwa na ujuzi wowote wa riadha, akabaki, akajifunza, na kizazi baada ya kizazi cha mabingwa kikapita mikononi mwake, David Rudisha akiwa mmojawao. Alidumu kwa sababu shule ilimpa nyumba, muda na uwanja, na mji mzima ukamwita mwalimu. Sioni kwa nini shule ya St. Kevin's pale Lodwar isingeweza kufanya vivyo hivyo kwa kocha wake wa soka.

Heshima ninayoiomba haihitaji jukwaa wala tarumbeta. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, kwa hiyo Kaunti ya Turkana ina mamlaka ya kuwaajiri makocha wa vijana kama inavyowaajiri wahudumu wa afya. Iwaajiri hata ishirini, mmoja kwa kila eneo kubwa, na iwalipe kila mwezi bila kuchelewa. Shirikisho la Soka nchini lilete kozi ya leseni ya kwanza ya CAF, ile ya daraja D, Lodwar na Kakuma. Kozi ikifanyika Nairobi, nauli na malazi pekee vinamshinda kocha wa kujitolea. Wakimbizi waruhusiwe kuketi kwenye kozi hiyo na kupewa cheti chenye majina yao. Waandaaji wa tuzo za wanamichezo bora wa mwaka, ambazo Paul Tergat alizianzisha mwaka 2004 na ambazo zina nafasi ya kocha bora, watume mtu kaskazini kabla ya kuandika orodha yao. Na magazeti, likiwemo hili, yaweke jina la kocha katika kila habari ya timu ya shule, hata kama ni mstari mmoja.

Ombi langu la mwisho ni kwako uliyetoka Turkana, ukacheza soka katika timu ya chuo, na sasa unafanya kazi Nairobi, Eldoret au Mombasa. Shule zinafungwa mwisho wa mwaka. Viwanja vya Lodwar na Kakuma vinajaa watoto wasio na mtu wa kuwapanga. Ukienda nyumbani Krismasi hii, nenda mapema, uliza ni nani anafundisha vijana mtaani kwenu, mpelekee mipira miwili na pampu, kisha umwombe akupe kikosi kimoja cha kufundisha hadi siku utakayorudi kazini.